Dawa Aliyoonjeshwa Yaya Feza

Nilimwahidi dada yangu Feza kwamba nitaiandika habari ya mwaka ule ngozi yake ilipomtoka, na kwamba katika kuiandika sitamfanya mama mkwe wake mchawi. Sharti hilo la pili ndilo alilolikazia. Alikuwa amelala kwenye kitanda chake hapa Kasongo, mikono juu ya shuka, amefumba macho kama alivyozoea kuyafumba kila mwanga ulipokuwa mkali, akaniambia: “Utaandika, mudogo wangu, ju watoto bado hawajui. Lakini Mama Zaina umuandike vizuri. Ule mama alikuwa na woga tu. Sisi wote tulikuwa na woga.” Nilimjibu kwamba nitafanya hivyo. Majuma machache baadaye moyo wake wa uzee ulisimama, na wanawake waliomwosha walitoka chumbani wakinong’onezana juu ya mabaka ya mgongoni mwake, meupe na meusi, yaliyopakana kama mashamba yanavyoonekana kutoka mlimani. Waliulizana ule ulikuwa ugonjwa gani. Mmoja alisema ukoma, mwingine akasema moto, wa tatu akasema yafaa kunyamaza mbele ya maiti. Niliwasikia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wafiwa, nikatambua kwamba nisipoandika sasa, habari hii itabaki mikononi mwa wale wanaokisia.

Mwaka wenyewe ulikuwa miongoni mwa ile ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, ingawa sisi tulioishi ndani yake hatukujua kwamba ni ya mwisho. Nilikuwa nimemaliza masomo ya ualimu Kasongo, nikiwa na suruali mbili za kaki, kamusi ya Kifaransa, na imani isiyo na ufa kwamba ujinga ni giza tu, na kwamba mtu akiingia na taa, giza huondoka lenyewe. Misheni ilinituma kufundisha Kabambare. Yaya Feza, kama tunavyomwita kwetu dada mkubwa, alikuwa ameolewa huko na fundi cherehani aitwaye Ramazani, nami nikapewa chumba cha nyuma katika nyumba yao. Chumba kile bado nakiona: kitanda cha mianzi, dirisha lisilozidi ukubwa wa kitabu kilichofunuliwa, kuta zilizopakwa chokaa hadi usawa wa kiuno, na ule ukuta wa upande wa baraza ambao ulikuwa wa matete yaliyokandikwa udongo kwa haraka, kiasi kwamba kila lililosemwa barazani lilinifikia kana kwamba nimeketi katikati ya wasemaji. Niliamshwa na cherehani ya Ramazani baada ya sala yake ya alfajiri, na nilisahihisha daftari za wanafunzi nikisikiliza wateja wakigombana naye juu ya mifuko na vifungo. Katika ujana wangu niliona ukuta ule kuwa kero. Leo najua kwamba bila ukuta ule nisingejua hatari iliyokuwa inamkaribia dada yangu.

Mwenye nyumba halisi alikuwa Mama Zaina, mama yake Ramazani, mjane mfupi mwenye sauti nene, aliyezaa wengi na kubakiwa na huyo mmoja. Alinipenda kwa namna yake, yaani kwa kunichokoza. Jioni tulikula wali na sombe, majani ya muhogo yaliyoungwa kwa mawese na karanga, na mara nyingi alinitazama nikila hadi nikaona haya.

“Monite,” aliniambia, maana ndivyo walivyowaita walimu wa shule za misheni, “unakulaka kama mutu polisi iko nyuma yake. Kwenu Kasongo sahani zinakimbia?”

“Sombe yako ndiyo inanikimbiza, Mama.”

“Haa! Musikie mutoto wa mapadri. Walimufundisha uongo kwa Kifaransa, sasa anatuletea kwa Kiswahili.”

Wote walicheka, na Yaya Feza alicheka kuliko wote, lakini niliona kwamba hakuna aliyetia mkono sahanini kabla yeye hajaonja. Watu wa kwetu hawatahitaji kuelezwa. Anayekupa pombe, maji au chakula huonja kwanza mbele yako, na kwa kuonja huko anakuambia kwamba hana jambo nawe. Ni adabu, na katika nyumba nyingi imebaki adabu tu. Hata hivyo, kila adabu ina mzizi, na mzizi wa hii ni sumu. Mtoaji akionja akabaki mzima, moyo wake ni mweupe. Akionja akaugua, amejihukumu mwenyewe, na hakuna atakayemtafutia shahidi. Yaya Feza alikuwa Mkristo katika nyumba ya Waislamu, kwa kabila Mzimba katika nyumba ya Wabangubangu, na hakuwa amezaa bado. Alionja kila siku, kwa tabasamu, na Mama Zaina alimtazama kooni mpaka tonge lishuke.

Mvua za kwanza zilipoanza, Ramazani alishikwa na kikohozi, kisha homa, kisha maumivu ya ubavu yaliyomfanya apumue kwa vipande vipande kama mtoto aliyetoka kulia. Cherehani ilinyamaza. Yaya Feza nami tulipanda kilima hadi dispansere, zahanati ya serikali, ambapo infirmie Alfonsi, muuguzi mnene mwenye koti jeupe lisilofungika, alitusikiliza akitikisa kichwa.

“Fundi amelala? Na kaptura yangu iko kwake tangu mwezi ule, nayo imelala?”

“Akipona ataimaliza, Munganga.”

“Basi apone mbio. Siwezi kutibu watu na kaptura moja.”

Hata hivyo alikuja kumsikiliza kifua jioni ile ile, akasema ni ugonjwa wa mapafu, akafungua kopo kubwa la bati na kumpa Yaya Feza vidonge vyeupe, ambavyo watu wetu waliviita kinini, kama walivyoita kila kidonge. Alisema vinaitwa sulfa, vinywewe na maji mengi, asubuhi, mchana na jioni. Kisha akaacha mzaha. “Hii ni dawa ya serikali. Ni ya mugonjwa peke yake, haigawiwi. Umesikia?” Yaya Feza alisema amesikia.

Alfonsi hakuwa amefika hata njiani Mama Zaina alipovuta kigoda chake akakiweka mlangoni mwa chumba cha mgonjwa. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na bilauri ya maji.

“Onja, mutoto wangu.”

“Mama, Munganga alisema ni ya mugonjwa peke yake.”

“Munganga hakuoa mutoto yangu. Onja.”

Ramazani alijaribu kucheka, akakohoa. “Mama, sasa nitapona mimi ao atapona Feza?”

“Nyamaza, utapona. Feza, onja.”

Yaya Feza alinitazama mimi, kisha akaweka kidonge ulimini, akameza, akafungua kinywa kama tulivyozoea kukifungua mbele ya wakaguzi wa dawa. Mama Zaina aliinama akatazama chini ya ulimi, akaridhika, akainuka na kutupisha. Tangu siku ile, kila mara mgonjwa alipopewa vidonge vyake, kimoja kilitangulia kupita kooni mwa dada yangu. Hakuna aliyeona hatari yoyote. Ilionekana jambo la mama mwenye mtoto mmoja, na ile dawa ilikuwa inamponya: homa ilishuka, ubavu ukaachia, na siku Ramazani alipokaa tena kwenye cherehani yake Mama Zaina alichinja jogoo, akamgawia Yaya Feza firigisi, heshima ambayo hakuwahi kumpa kabla.

Furaha ile haikudumu. Yaya Feza alianza kwa kulalamika kwamba chumvi inamchoma kinywani. Kesho yake macho yalikuwa mekundu kama yaliyoingiwa na pilipili, na mwili ulikuwa unawaka. Tulidhani ugonjwa wa Ramazani umehamia kwake. Kisha yakatokea madoa kifuani, meusi-mekundu, kama matone ya wino juu ya karatasi inayonyonya, yakaungana, yakavimba maji. Midomo ilipasuka na kuganda damu. Asubuhi moja nilimsaidia kuinuka kutoka mkekani ili anywe uji, nikaona kitu kimebaki juu ya kitenge alichokuwa amelalia, kitu chepesi chenye unyevu, nikadhani ni karatasi. Nilikiinua ili nikitupe. Ilikuwa ngozi ya mgongo wake.

Sijui namna ya kuandika woga ule bila kuuremba, na haustahili kurembwa. Nilikuwa nimefundishwa jina la kila mfupa wa mwili, nilikuwa nimechora moyo ubaoni kwa chaki ya rangi, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtu anaweza kubanduka akiwa hai. Bakuli la uji lilinianguka. Yeye, ambaye macho yake yalikuwa yameshikana kwa usaha, hakuona nilichokishika, akaniuliza: “Nini imeanguka?” Nikamwambia ni bakuli.

Majirani walipaza sauti moja: ndui. Watu walihama nyumba za pembeni na mikeka yao vichwani. Polisi aliwekwa barabarani, mapadri walinitumia neno nisikanyage shule, na nikawa nawasikia wanafunzi wangu wakiimba majedwali ya kuzidisha ng’ambo ya mto, wakikosea palepale walipokosea siku zote. Alfonsi alikuja na kitambaa puani, akasimama mlangoni, akasema hajawahi kuona ndui ya namna hii, akapeleka habari kwa daktari wa Kasongo kwa lori la pamba. Tulibaki wanne uani pamoja na mgonjwa, kwa kuwa siku hizo hizo alikuwa amefika pia Mzee Sefu, kaka yake marehemu baba wa Ramazani, ambaye alitembea kwa miguu kutoka Wamaza na hakujali polisi wala ndui. Alikuwa mtu wa maneno machache na ya uhakika, na uhakika wake ndio ulioniogopesha zaidi ya ugonjwa.

Nilimsikia kupitia ukuta wa matete, mchana, mvua ikiwa imekatika, wakila muhogo wa kuchoma barazani.

“Alionja,” alisema Mzee Sefu. “Muliona wote. Mutoto wetu alipona, sasa inamula yeye.”

“Nyamaza, anasikia,” alisema Mama Zaina.

“Asikie. Ndui inaanzaka kinywani? Inachagua mutu mumoja katika nyumba muzima? Ni kitu alitaka kuweka kwa bwana yake. Kimemurudia.”

“Baba mukubwa,” alisema Ramazani, “mimi nilimeza ile dawa nikapona.”

“Njo maana ulipona, ju alianza yeye. Doktere akipita, tunamupeleka Wamaza kwa mutu anayeangaliaka mambo. Akiwa na neno, atasema. Akikatala kusema, atakunywa tena.”

“Muke yangu hatakunywa kitu.”

“Juzi ulikuwa unakohoa kama mbuzi, leo umekuwa mwanaume?”

Kunywa tena: nilijua maana yake. Ni mwavi, maji ya gome ya kumpimia mchawi, ambayo serikali iliyakataza na ambayo watu waliendelea kuyachemsha mbali na barabara. Nilibaki nimekaa kitandani na kalamu mkononi. Ugonjwa ukimwacha hai, watamwua kwa kumpima. Na kama nikitoka nikasema kwamba huenda ile dawa ndiyo iliyomchoma, basi nitakuwa nimewapa kile wanachokitafuta, kwamba kweli palikuwa na sumu, na kwamba ilipita mkononi mwake. Wazo hilo la dawa lilikuwa limenijia nikiosha bilauri, bila elimu yoyote nyuma yake: ni kitu gani ambacho yeye alikula na sisi wengine hatukula? Mimi sikumeza. Mama Zaina hakumeza. Ramazani alimeza akapona. Jibu lilisimama mbele yangu, nami niliogopa kulitazama.

Na Mama Zaina, je? Hapa ndipo ahadi yangu inaponibana, na kwa haki. Kitambaa kilipokuwa kinang’oa nyama, ni yeye aliyekwenda kukata majani ya migomba, akayapitisha juu ya moto hadi yakalegea, akayapaka mawese yaliyochemshwa na kupoa, akamtandikia mkwe wake. Aliyabadilisha mwenyewe, asubuhi na jioni, akamgeuza kwa viganja vilivyo wazi ili vidole visichubue. Nilimsaidia kushika miguu. Na kila mara, akiisha kumlaza, aliinama sikioni mwake na kumwambia kwa upole ulionitia baridi: “Feza, ukiwa na neno, sema. Ukisema, itatoka.” Na Yaya Feza, kwa midomo ile isiyofunguka, alijibu: “Mama, sina neno.” Mwanamke yule aliamini kwamba anamwuguza mtu aliyetaka kumwua mwanawe, na bado aliyapoza mafuta kwa kuyapuliza. Vitabu vyangu havikuwa na nafasi ya mtu wa namna hiyo.

Nilipopata kuwa peke yangu na dada yangu nilimwambia kwamba daktari anakuja na kwamba nitamweleza kuhusu vidonge. Alitikisa kichwa hata jani likalia chini yake. “Hapana. Munganga alisema ni ya mugonjwa peke yake. Na mambo ya kuonjesha, Wazungu wanafungaka watu. Watafunga Mama. Nitarudi katika nyumba gani?” Alinishika kidole, kwa kuwa mkono wangu mzima ulimwuma. “Yaliyo ndani ya nyumba hayatoki inje, mudogo wangu.”

Daktari alifika na motokaa yenye matope hadi vioo. Alikuwa Mbelgiji mrefu mwenye uso uliochoka, asiyejua Kiswahili zaidi ya amri, kwa hiyo niliitwa kutafsiri. Aliinama juu ya Yaya Feza bila kitambaa puani, akamtazama machoni na kinywani, kisha akagusa kwa kidole ukingo wa ngozi iliyokuwa bado nzima begani. Ngozi ile iliteleza kama ganda la nyanya iliyotiwa maji ya moto. Nilisikia pumzi ya Ramazani nyuma yangu.

“Hii si ndui,” alisema kwa Kifaransa. “Nimewahi kuona jambo kama hili. Muulize amemeza dawa gani.”

Nilimwuliza. Yaya Feza akajibu: “Mwambie sijameza kitu.”

Nikatafsiri. Daktari akauliza tena, nami nikauliza tena, naye akajibu yale yale. Daktari aliinuka, akajifuta mikono. “Ikiwa kweli hakumeza kitu, basi ni uchafu ulioingia katika damu, na hatuna muda wa kupoteza. Alfonsi ampe sulfa, nyingi, leo hii.” Na Alfonsi, aliyekuja naye na aliyeelewa Kifaransa kiasi cha maagizo ya dawa, alikuwa tayari ameweka kopo lake la bati juu ya cherehani na anafungua kifuniko.

Kazi ya mkalimani ni kubeba maneno ya wengine na kuyafikisha bila kuyapunguza. Niliyafikisha ya dada yangu kama alivyoyasema. Kisha niliongeza ya kwangu kwa Kifaransa cha shule: kwamba mgonjwa anasema hivyo kwa ajili ya heshima ya nyumba, na kwamba mimi nilimwona kwa macho yangu akimeza vidonge vya mumewe, vya kopo lile lile. Daktari alinigeukia. “Yeye anakana. Wewe ni kijana, na unamwogopea dada yako. Kuna mtu mzima mwingine aliyeona?” Nikaligeuza swali hilo kwa Kiswahili mbele ya wote.

Mzee Sefu alitangulia. “Huyu monite ni mutoto. Alikuwa kwa vitabu vyake. Hakuna mutu aliona kitu.” Kisha, akimgeukia Mama Zaina, alimwambia kwa Kibangubangu, lugha ambayo nilikuwa nimeanza kuifahamu, akae kimya, maana polisi yupo barabarani na gereza liko mbele yake. Ramazani alifungua kinywa, akamtazama mama yake, akakifunga. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo.

Mama Zaina alimpita shemeji yake. Alikwenda hadi kwenye cherehani, akachungulia ndani ya kopo.

“Ni hizi zenye ulimupa mutoto yangu?” alimwuliza Alfonsi.

“Njo hizi, Mama.”

“Ulizitoa humu kwa mukono yako? Hakuna mwingine alimupa Feza?”

“Atazitoa wapi? Ni mimi peke yangu niko nazo Kabambare muzima.”

“Na sasa unataka kumupa zile zile.”

“Doktere njo anasema.”

Alibaki ameinama juu ya kopo lile. Nilimwona akihesabu, si kwa namba, bali kwa moyo: ikiwa sumu ilikuwa mkononi mwa Feza, mbona inatoka tena kwenye bati la serikali? Kisha aliketi sakafuni, miguu mbele, kama wanavyoketi wanawake msibani. “Mwambie Muzungu ni mimi,” alisema. “Nilimuonjesha mimi, kila mara. Alikatala, nikamwambia onja. Nilikuwa naogopa ju ya mutoto yangu. Kama ni kunifunga, anifunge. Lakini asimupe ile tena.”

Nilitafsiri. Nilisema kwamba kwa desturi yetu mtoaji huonja kwanza, na kwamba mama huyu alimtaka aonje. Daktari hakuuliza desturi hiyo inaogopa nini, nami sikumweleza. Alinyoosha mkono akafunika kopo, akaligandamiza mpaka likalia, akamwambia Alfonsi alitoe nje ya nyumba.

Siku zilizofuata ndizo nilizoogopa kuliko zote, kwa sababu sasa tulijua, na kujua hakukupunguza kitu. Ngozi iliendelea kutoka mapajani na viganjani. Kucha zilianguka moja moja, na Mama Zaina alizikusanya katika kipande cha jani la mgomba ili zisikanyagwe. Daktari alikuwa amesema kwamba hawezi kumpakia motokaani bila kumchuna, akamwacha Alfonsi na sindano za penisilini, maji ya chumvi ya kuoshea macho, na agizo kwamba anyweshwe bila kukoma. Tulimnywesha maji ya mchele yenye sukari kwa kijiko, kwa zamu, tone kwa tone. Mara nyingi niliweka sikio karibu na kinywa chake nikiwa na hakika kwamba pumzi imekwisha. Mzee Sefu alirudi Wamaza bila kuaga. Kisha, asubuhi isiyotofautiana na nyingine, Mama Zaina aliniita nitazame chini ya bega: palikuwa na ngozi mpya, nyembamba, ya rangi ya waridi, yenye kung’aa kama ndani ya kombe. Alilia kwa sauti hadi polisi akaja kuuliza ni nani amekufa.

Daktari alirudi mara moja tu. Alimketisha Yaya Feza kivulini na kunitaka nitafsiri neno kwa neno. Alisema kwamba dawa inayoponya maelfu humchoma mtu mmoja, kwamba hakuna ajuaye mapema ni nani, na kwamba aliyechomwa mara moja asiimeze tena maishani, hata chembe, maana mara ya pili itamwua.

“Basi dawa nayo iko na mutu inamuchukia?” aliuliza Mama Zaina.

“Ndiyo, Mama,” nilimjibu.

“Bila sababu?”

“Bila sababu inayojulikana.”

“Hiyo ni mbaya kupita uchawi. Uchawi uko na sababu.”

Daktari aliniuliza amesema nini, na nilishindwa kumtafsiria, ingawa nilikuwa na maneno yote. Nilikuwa nimekuja Kabambare nikiamini kwamba woga ni mtoto wa ujinga. Sasa nilikuwa nimejua, na niliogopa zaidi kuliko yule mama, kwa kuwa yeye angalau alikuwa ametafuta mtu wa kumwuliza kwa nini, na mimi sikuwa na wa kumwuliza.

Yaya Feza alipona, kama kupona ni neno lake. Kope hazikuota tena sawasawa. Zilizoota zilielekea ndani zikamchoma, na Mama Zaina, ambaye macho yake yaliona karibu kuliko yetu, alizing’oa kwa kibano cha mumewe marehemu mpaka yeye mwenyewe alipokufa. Ramazani alimshonea blauzi za pamba, mishono ikiwa upande wa nje ili isimkwaruze, na wanawake wa Kabambare, waliodhani ni mtindo wa Kasongo, wakaja kuagiza za namna hiyo. Yaya Feza alizaa watoto watatu. Aliendelea kuonja vyungu vyake mbele ya wageni kama kawaida, na hakuna aliyemwambia aache. Ila kidonge chochote kilipoingia nyumbani, Mama Zaina ndiye aliyeuliza jina lake, akalirudia mpaka likae kinywani, ndipo akaruhusu kimezwe na yule aliyeandikiwa, na yeye tu.

Nimefundisha watoto wengi tangu wakati huo, na nimeona zahanati zikijaa vidonge ambavyo Alfonsi hakuvijua hata kwa jina. Sisemi watu waache dawa. Ramazani aliishi kwa dawa ile ile. Ninachokuomba wewe unayesoma ni kidogo. Ukimwona mtu amemeza dawa, kisha akapata homa, macho mekundu, vidonda kinywani na malengelenge mwilini, usimwongeze dawa hiyo hata kidogo. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na umweleze mganga kila kitu kilichopita kooni mwake na ni nani aliyempa, hata kama aliyempa ni wewe.